Je, Wajua? Niandalie Changu: Adabu za Kuagiza Kinywaji, Kuanzia Rubisi ya Muleba hadi Kaunta za London

Je, wajua kwamba rubisi, pombe ya ndizi ya Wahaya, ni kinywaji cha oda tangu asili yake? Ukiitaka ya harusi Jumamosi, mkamuaji aambiwe wiki nzima kabla. Ndizi zenyewe zinadai siku 4 hadi 6 za kuiva, na hakuna mteja aliyewahi kuzishawishi ziharakishe!

Kwa hiyo ukisikia kwamba huko New York mteja anakaa kaunta na kumwambia mhudumu, "Nitengenezee kitu changu mimi," usishangae sana. Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, mambo hayo yana umri mkubwa kuliko mji wa Bukoba wenyewe. Bukoba ilianzishwa na Emin Pasha kama kituo cha Wajerumani mwaka 1890, na ndizi zilikuwa zinakamuliwa kitambo.

Sogea karibu, kuna hili. Mwingereza Speke alipofika Karagwe mwaka 1861 alikuta pombe ya ndizi kila upande, lakini mfalme Rumanyika mwenyewe karibu hakuigusa. Aliishi kwa maziwa, na Speke aliandika kwamba haikuwahi kusikika hata siku moja kuwa mfalme huyo amelewa. Mfalme mwenye uwezo wa kuagiza chochote, anaagiza maziwa!

Je, wajua kwamba kuna ndizi ambazo ukizipika utakunja uso mpaka masikio yasogee? Hizo ndizo embire, ndizi za pombe. Mbichi zina ukakasi mkali, na hicho kinachokukwaza sufuriani ndicho kinachosaidia juisi itoke safi wakati wa kukamua.

Na mgomba si mti. Ni jani juu ya jani, shina lake halina ubao hata chembe. Wataalamu wa mimea wanauhesabu miongoni mwa majani makubwa kuliko yote duniani, na ndizi yenyewe wanaiweka kundi moja na nyanya.

Unajua kwa nini ndizi hufukiziwa moshi shimoni? Moshi una gesi iitwayo etilini, na etilini ndiyo inayoliambia tunda kwamba muda umefika. Wazee waliitumia gesi hiyo bila kuiona, bila kuipa jina, na haikuwaangusha.

Sasa njoo kwenye mtumbwi. Ndiyo, mtumbwi: gogo lililochongwa ndani kama chombo cha ziwani, ila hili halijawahi kugusa maji ya Victoria. Ndizi zilizomenywa zinamiminwa humo, nyasi ngumu zinatupwa juu yake, na wanaume waliokwisha kunawa miguu wanaingia. Wanakanyaga. Mwanzoni ni uji mzito unaonata vifundoni. Kisha, ghafla, nyasi zinalainika, uji unaachia, na chini ya nyayo kunatokea juisi inayong'aa, tamu kiasi kwamba nyuki wa kijiji kizima wanajua kazi imeanza wapi.

Ushangae zaidi: hadi hapo hakuna tone la maji lililoongezwa! Juisi yote hiyo ilikuwa imejificha ndani ya ndizi. Zile nyasi ndizo zinazoikwangua nyama ya tunda na kuibakiza, na juisi inapita peke yake.

Juisi hiyo inaitwa omuramba, na haina kilevi hata kidogo. Mtoto anakunywa, bibi anakunywa, asiyegusa pombe kwa sababu ya dini anakunywa. Kwenye sherehe nzuri ya Kihaya mtu asiyekunywa pombe haletewi soda ya huruma. Anayo omuramba yake, na ni kinywaji cha heshima.

Halafu inakuja siri ya mtama. Mtama unakaangwa, unasagwa, unanyunyizwa juu ya juisi, chombo kinafunikwa kwa majani ya mgomba. Unga huo unaleta hamira ya asili na rangi pia. Kesho yake asubuhi ukifunua, povu linakutazama.

Hapo ndipo uhodari wa kuagiza unapoonekana. Rubisi ya siku ya kwanza bado ina utamu. Ya siku ya pili imekaza, utamu umeliwa na hamira, kilevi kimepanda. Mtu anayejua anachotaka anasema mapema, "Mimi ile ya jana," au, "Mimi nipe laini." Chombo kimoja, mkamuaji mmoja, na vinywaji vitatu tofauti kwa kuhesabu saa tu.

Ndugu zetu Wachaga wana mbege, nayo pia ni ya ndizi, lakini ufundi ni mwingine kabisa. Kwao ndizi zinachemshwa, na ulezi ndio unaofanya kazi ambayo kwetu inafanywa na mtama. Na huko wapishi wengi ni akina mama, wakati kwa Wahaya kukanyaga ndizi ni kazi ya wanaume kwa desturi.

Iringa na Njombe je? Huko wanagema mianzi! Ncha ya mwanzi mchanga inakatwa wakati wa mvua, utomvu unadondoka ndani ya chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta, na hiyo ndiyo ulanzi. Mmea unatoa kinywaji, na mmea huo huo unatoa kikombe.

Pwani nako, utomvu wa mnazi unaanza kuchachuka saa chache tu baada ya kugemwa. Ukitaka tembo tamu, uwe rafiki wa mgema na uamke mapema. Lakini pima maneno yako, maana wahenga walishaonya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Hebu tukae hapo kidogo, kwa sababu methali hiyo ni somo zima la kaunta. Msifu anayekuandalia kinywaji baada ya kuonja, usimsifu kabla. Sifa za mapema zinamfanya alegee. Sifa zikija baada ya kuonja zinampa hamu ya kukuandalia kingine vizuri zaidi.

Je, wajua kwamba sehemu nyingi za Afrika Mashariki anayekukaribisha pombe huonja yeye kwanza? Wachaga wanafanya hivyo na mbege mpaka leo. Mgeni anaona kwa macho yake kwamba chombo kiko salama, na hakuna aliyelazimika kuuliza swali la aibu.

Ukiwa Bukoba, usimwite mtu mzima kwa kupiga mluzi wala kugonga chupa mezani. Mwanamume huitwa Ta kabla ya jina lake, mwanamke huitwa Ma. Jaribu siku moja: ukishasema "Ta" na jina lake kwa sauti ya kawaida, utaona uso wa mtu unavyofunguka.

Haya, mirija. Mwaka 1897 wachimbaji huko Maikop, Urusi, walifukua kaburi la mtu mkubwa na kukuta mirija 8 ya dhahabu na fedha, kila mmoja una urefu wa zaidi ya mita moja. Kwa zaidi ya miaka 100 wasomi walidhani ni fimbo za enzi. Mwaka 2022 watafiti wakasema: hapana, hii ni mirija ya kunywea pombe kutoka chungu kimoja, na ina zaidi ya miaka 5,000!

Mteso wa Uganda au wa Kenya angewaambia siku ya kwanza. Kwao chungu kinakaa katikati, kila mtu na mrija wake mrefu, mazungumzo yanaendelea.

Na je, wajua mrija wa karatasi ulizaliwa kwa sababu ya kinywaji cha kuchanganya? Mmarekani Marvin Stone alichoshwa na mrija wa nyasi ulioacha ladha ya nyasi kwenye kinywaji chake chenye nanaa. Akasokota karatasi, akaipaka gundi, na tarehe 3 Januari 1888 akapewa hataza.

Sasa kahawa, maana Kagera bila kahawa hakuna mazungumzo. Kwa Wahaya, mgeni alipokelewa kwa kahawa muda mrefu kabla kahawa ya kikombe haijafika, na hakuinywa: aliitafuna! Matunda ya robusta huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha hutolewa kwa mkono. Mpaka leo yanauzwa Bukoba yakiwa yamefungwa kwa ganda la mgomba.

Zamani usingejipandia tu mkahawa nyuma ya nyumba. Mikahawa ilikuwa chini ya mamlaka ya wafalme, Abakama, na biashara yake ilikuwa mikononi mwao. Leo mkulima wa Muleba anapanda apendavyo. Mababu zake walihitaji ruhusa.

Shika na hili. Tunda moja la kahawa lina punje mbili, na punje hizo mbili ndizo zilizofungia udugu wa damu, omukago. Kila mmoja alimeza punje iliyoguswa damu ya mwenzake, na kuanzia hapo wawili hao hawakuwa marafiki tena: walikuwa ndugu, na udugu huo haukuvunjika.

Robusta ya Bukoba ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Ukitafuna kiganja kizima saa mbili usiku, usimlaumu mtu saa nane.

Kahawa hiyo hiyo inasagwa na kugeuzwa kahawa ya papo hapo palepale Bukoba, kwenye kiwanda cha TANICA. Kopo lenye jina hilo umeliona kwenye kabati za nyumba ngapi? Ni la nyumbani.

Na kahawa ndiyo inayotuvusha mpaka London. Miaka ya 1980 mhudumu wa kaunta Dick Bradsell alifuatwa na mwanamke kijana aliyetaka kitu cha kumwamsha, tena kwa maneno makali kuliko haya. Mashine ya kahawa ilikuwa pembeni yake. Akachanganya vodka, kahawa ya moto na utamu kidogo, akatikisa, na kinywaji hicho leo kinajulikana dunia nzima kwa jina la Espresso Martini.

Umeona alichofanya yule mteja? Hakutaja jina la kinywaji chochote. Alitaja hali aliyotaka kuwa nayo, basi.

Hadithi nyingine ya namna hiyo ni ya Ada Coleman, mwanamke aliyekuwa mkuu wa kaunta katika hoteli ya Savoy, London, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwigizaji Charles Hawtrey, aliyekuwa amechoka kwa kazi, alimwomba kitu chenye nguvu ya kumzindua. Coleman hakukurupuka: alikaa akafanya majaribio, na siku Hawtrey aliporudi akamwekea mbele glasi ya jini, vamuthi tamu na matone mawili ya Fernet, dawa chungu ya Kiitaliano. Hawtrey alikunywa yote, akapiga ukelele, na ukelele wake ukawa jina: Hanky Panky. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado kinaagizwa!

Mteja alisubiri. Mimi naona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kisa hiki. Mtu anayekuomba siku mbili za kufikiria kinywaji chako anakuheshimu kuliko yule anayekumiminia chochote kilicho karibu na mkono.

Je, wajua kuna baa maarufu ambayo haikuwa na orodha ya vinywaji? Iliitwa Milk & Honey, Sasha Petraske aliifungua New York mwishoni mwa 1999. Ulikaa, mhudumu akakuuliza unapenda nini, na akakutengenezea chako. Lakini sheria zilikuwa ukutani: wanaume wavue kofia, hakuna kelele, mwanamume asijitambulishe kwa mwanamke asiyemjua, na ukileta mgeni mwenye fujo, fujo hiyo ni yako.

Unaona? Baa iliyompa mteja uhuru mkubwa kuliko zote ndiyo iliyomdai adabu kubwa kuliko zote.

Nairobi hawakubaki nyuma. Mgahawa wa Carnivore ulifunguliwa mwaka 1980, na kinywaji chake maarufu ni dawa: vodka, ndimu, sukari, barafu na asali iliyozungushiwa kijiti. Ujanja wote uko kwenye kijiti. Mhudumu anakupa kinywaji, na utamu unaamua wewe mwenyewe kwa kukoroga: ukikoroga kidogo kinabaki kikali, ukizidisha kinakuwa kitamu. Kila mteja anajimalizia chake, na mhudumu hasumbuliwi tena!

Tarehe 13 Mei 1806, gazeti moja la Hudson, jimbo la New York, lilieleza kokteli ni nini kwa mara ya kwanza tunayoijua kwa maandishi: pombe kali, sukari, maji na machungu. Vitu vinne tu. Mwavuli wa karatasi haukutajwa.

Mwaka huohuo wa 1806 Mmarekani Frederic Tudor alipakia barafu kwenye meli Boston na kuipeleka kisiwa cha Martinique, kwenye joto kali. Watu walimcheka. Baada ya miaka 27, barafu yake ilifika Calcutta, India.

Na barafu ina maajabu yake. Ukitikisa kokteli kwa sekunde 12 hivi, inaweza kushuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, ilhali barafu iliyoingizwa ilikuwa inayeyuka kwenye sifuri! Kilevi ndicho kinachofanya mchanganyiko upoe namna hiyo bila kuganda.

Sikiliza na hili, wewe unayesema, "Usinitilie maji." Karibu robo ya kokteli iliyotikiswa vizuri ni maji ya barafu iliyoyeyuka, wakati mwingine zaidi. Bila maji hayo kinywaji kingekuchoma koo, na harufu zake zingebaki zimejifungia.

Uingereza, sheria inasema jini, vodka, ramu na wiski zipimwe kwa mililita 25 au 35. Si kukadiria kwa jicho, si "ongeza kidogo, bosi." Mteja ana haki ya kujua kipimo.

Babeli walikuwa wakali zaidi. Sheria za Hammurabi, karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo, zilisema mwanamke mwenye kilabu akimpunja mteja kwenye bei ya pombe, atupwe majini. Hebu fikiria kaunta yako ya jirani ikiongozwa na sheria hiyo!

Basi tuje kaunta za Bukoba na Muleba zenyewe. Umekaa, upepo wa ziwa unaingia, na unataka uchanganyiwe kitu ambacho hakipo kwenye orodha. Unasemaje?

Sema mambo matatu na yatoshe: pombe gani unaipenda, unataka utamu au uchachu, na unataka kikali au chepesi. Kwa mfano: "Ma, naomba konyagi toti moja, iwe na uchachu, isiwe tamu sana." Umemaliza. Mhudumu ameshajua zaidi kuliko angejua kwa hotuba ya dakika tano.

Neno "chochote" halimsaidii mtu. Anayesema "nipe chochote" ndiye anayerudisha glasi.

Konyagi ina asilimia 35 ya kilevi, kwa hiyo toti moja kwenye glasi ndefu inatosha kubeba nanasi, pesheni, tangawizi au ndimu bila kupotea. Na soko la Bukoba limejaa matunda. Omba kilichopo msimu huo; kumdai mhudumu wa Muleba majani ya nanaa saa nne usiku ni kumtesa bure.

Je, wajua saa ya kuomba ni sehemu ya oda? Kinywaji cha kubuni kinachukua dakika kadhaa, bia inafunguliwa kwa sekunde mbili. Mechi ikiwa mapumziko na watu 20 wananyoosha mikono, agiza bia. Kaunta ikitulia, omba ubunifu wako.

Uliza bei kabla, kwa sauti ya kawaida. Hakuna aibu hapo. Kinywaji kisicho kwenye orodha hakina bei kwenye orodha, na ugomvi mwingi wa bili huzaliwa kwenye ukimya huo.

Na kama kuna kitu mwili wako unakikataa, karanga, maziwa, yai, kitaje mwanzo kabisa. Hilo si kujidekeza. Kuna kokteli nyingi zinazotumia ute mbichi wa yai kupata povu, na kwa macho huwezi kujua.

Umeonja na hukupenda? Sema hapo hapo, ukiwa umekunywa fundo moja. Glasi ikishafika nusu, umeshaikubali.

Mhudumu akikutengenezea kitu kizuri, muulize alichoweka. Wengi watakwambia kwa furaha, na safari ijayo utaagiza kwa usahihi. Na ukimwachia chenji, mpe mkononi, kwa jina lake.

Kuna ombi moja ambalo usilitoe kamwe: kuchanganyiwa gongo. Tanzania ina sheria maalumu ya pombe hiyo tangu mwaka 1966, na ndani yake gongo inaitwa Moshi. Pombe ya kuchemshwa mafichoni inaweza kubeba methanoli, na methanoli inapofusha macho na kuua. Ndimu haiiondoi, sukari haiiondoi, asali haiiondoi.

Viroba, yaani pombe kali ya vifuko, navyo vilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kwa hiyo mtu akikuchomolea kiroba mfukoni akisema "nikuongezee nguvu," kataa kwa upole na usogee mbali.

Na kitafunwa? Hapa Kagera tunaishinda dunia. Baa za Ulaya zinaweka karanga; sisi Novemba na Desemba tunaweka senene! Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa senene mkavu ni protini, na hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe.

Senene hufuata taa. Watu huwasha balbu kali usiku, hupanga mabati kuzunguka, na wadudu wanateleza wenyewe hadi kwenye pipa. Zamani wanawake ndio waliowakusanya, na desturi ikawakatalia kuwala. Hilo limepita, na nashukuru limepita.

Je, wajua kwamba rubisi, hata iwe safi namna gani, haiwezi kutumika altareni? Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 924, inataka divai ya mzabibu. Laurean Rugambwa, mtoto wa Kamachumu aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kupata cheo hicho, alizaliwa katikati ya migomba na bado alihitaji zabibu kwa misa.

Sasa hili linaniuma, na nataka likuume na wewe. Mnyauko wa bakteria wa migomba uliripotiwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 2006, na ulianzia Muleba. Wadudu wanaubeba kupitia ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, na baadhi ya ndizi za pombe ndizo zinazoshikwa upesi kuliko nyingine.

Kinga yake ya kwanza inashangaza kwa urahisi wake: kijiti chenye panda! Unalivunja ua dume kwa panda ya mti, unalizungusha, linadondoka. Ukitumia panga bila kulisafisha, unaweza kuubeba ugonjwa mwenyewe kutoka mgomba mmoja hadi mwingine.

Kwa hiyo ukienda Muleba au Bukoba kuagiza rubisi ya sherehe, mtembelee mkamuaji wiki moja kabla, mwite Ta na jina lake, mwambie ni ya watu wangapi na uitake laini au kali, na ulipe nusu mapema kwa sababu ndizi zinanunuliwa leo. Omba atenge omuramba ya kutosha kwa watoto na wasiokunywa. Na kama wewe ndiye utakayeendesha gari usiku huo, omuramba ndiyo yako.